Kiraka cha Mgongo wa Tarmo

HILKKA: Haloo? Ni nani huyo asubuhi hii?

TARMO: Mwanao, Mama. Yule mzuri. Shikamoo.

HILKKA: Marahaba. Mzuri sina, ninaye aliyenitia aibu kanisani. Kerttu wa ng'ambo ya barabara kaniuliza juzi, eti mwanao kagombana na benchi? Mahubiri mazima umesimama ukutani kama ufagio.

TARMO: Si ungemwambia mgongo una—

HILKKA: Nilimwambia unamheshimu mchungaji kuliko yeye anavyomheshimu. (Mstari unakwaruza.) Mbona kuna mwangwi hapo?

TARMO: Niko ukumbini, hospitali. Simu ya sarafu. Wamenivika gauni la kufunga kamba nyuma, upepo wote unaingia.

HILKKA: Mji mzima wa Lapua ungekuona, bingwa wa kurusha mkuki.

TARMO: Acha zako, Mama. Daktari kapita sasa hivi. Anasema kila nikijipinda nyuma kurusha, kale kamfupa ka kiunoni kalikuwa kanachoka, kanachoka, hadi kakapasuka. Na ule mkanda wa plastiki niliofungwa kiunoni—

HILKKA: Ulioulalamikia majira yote ya baridi.

TARMO: Haukuunga kitu. Kwa hiyo leo anachota mfupa kidogo hapa nyongani, anaujaza penye ufa, halafu anabana na skrubu.

HILKKA: Yaani kiraka anakikata kwenye suruali ileile.

TARMO: Ileile.

HILKKA: Huyo fundi ana akili. Ukitia kitambaa kigeni, siku ya kufua kimoja kinanywea, mshono unafumuka.

TARMO: Njoo umwambie mwenyewe. Lipo basi la saa nne.

HILKKA: Nina mkate mweusi jikoni.

TARMO: Kerttu atautoa.

HILKKA: Atautoa, na ataula. Na paka nimwachie nani?

TARMO: Mama, paka alikufa Krismasi.

HILKKA: Basi kuna theluji mlangoni.

TARMO: Theluji ipo tangu Novemba. Tangu lini umeiogopa?

HILKKA: Sijaogopa kitu. Nasema ipo.

(Mstari unakwaruza.)

TARMO: Vile viti vya kijani bado vipo, nje ya chumba cha upasuaji.

HILKKA: Vyote?

TARMO: Vyote.

HILKKA: Baba yako alinipa kofia yake nimshikie hapo. Akasema, usiikalie, najua makalio yako. Akaingia anacheka.

TARMO: Najua, Mama.

HILKKA: Wakatoka wao. Yeye hakutoka. Lango lile sijalivuka tena, na wewe unajua hilo pia.

TARMO: Najua. Muuguzi kaniuliza nani atakuwepo nikiamka. Nimemtaja Kerttu.

HILKKA: Umemtaja nani?

TARMO: Si jirani? Ana moyo wa—

HILKKA: Ana mdomo. Utaamka umelewa dawa, yeye anakuuliza kwa nini hujaoa. Mwili wote utapasuka, si kiuno tu.

TARMO: Sasa nimtaje nani?

HILKKA: Tangu alfajiri nimepiga magoti kwa ajili yako, Tarmo. Nimemtaja na huyo daktari, mikono yake isitetemeke. Mungu hahitaji nipande basi ndipo asikie.

TARMO: Hahitaji. Mimi ndiye ninayehitaji.

(Mstari unakwaruza.)

TARMO: Mama? Upo? Kerttu nilikuwa natania. Sijamtaja mtu, nimemwambia muuguzi aache wazi kwanza.

(Kiti kinasogezwa.)

TARMO: Umekasirika? Sema neno basi. Nitukane hata.

(Maji yanamwagwa penye moto. Droo inafunguliwa, inafungwa.)

TARMO: Si lazima, Mama, nimesema tu. Skrubu yenyewe ndogo, hata kidole haifiki—

(Viatu vizito juu ya mbao. Mlango unafunguliwa. Upepo. Mlango unafungwa.)

TARMO: Mama, simu hujaikata. Mama?

(Saa ya ukutani inagonga.)

TARMO: Haloo?… Naam, dada muuguzi, nakuja. Ngoja kidogo, lile jina uliloniuliza, andika Hilkka. Ni Hilkka, na k ni mbi—

(Sarafu imekwisha. Simu inakatika.)