Timu Isiyoshikika

Mke wa dereva wa mbio za magari alikaa nyuma ya kinyozi na mwalimu wa udereva, wanaume wawili waliokutana humo humo ndani ya basi na tayari walikuwa wanabishana kama mashemeji.

"Mbio za magari zimekufa," kinyozi alisema. "Timu moja inabeba kila kombe. Siku hizi wakianza tu, mimi napitiwa na usingizi."

"Sasa kosa lao nini, ndugu yangu? Wapunguze mwendo ili wenzao wasione haya? Wengine nao wakaze buti."

"Yule wa Jumapili si alikaza? Kaishia ukutani."

"Yule mzembe tu. Gari lake halina ubavu huo. Kona ile aliivamia ya nini?"

Mwanamke aliukumbatia mfuko wa nguo safi uliokuwa mapajani. Alikusudia kunyamaza, lakini maneno yalimponyoka.

"Hakuwa mzembe, kaka. Ni mume wangu. Alichoka kula vumbi lao kila wiki."

Wote wawili wakageuka. Mwalimu akasema, "Pole sana, dada. Anaendeleaje?"

"Jana alizinduka. Akaniuliza nani ameshinda, kabla hata hajauliza kwa nini hasikii miguu yake."

Basi likasimama kwenye lango la hospitali. Alipokuwa anateremka, alimsikia kinyozi akisema kwa sauti ya chini, "Umeona sasa?"

"Nimeona nini?" mwalimu akajibu. "Si angepunguza mwendo."

Mlango ukafungwa, basi likaondoka nao.