Mama Sayari, Aliyefanya Watu Wasahau Kuingia Maktaba

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, tarehe thelathini, Mama Sayari atakabidhi funguo za chumba cha vitabu vipya na kustaafu, baada ya kuitumikia maktaba yetu miaka thelathini na mmoja. Mimi, mlinzi wa lango, nilimtangulia kazini hapa, kwa hiyo niliposikia wanatafuta mtu wa kuandika wasifu wake niliwaambia wasihangaike, mtu yupo. Wakasema karani wa mapokezi ana mwandiko mzuri. Nikasema mwandiko haumjui Mama Sayari, mimi namjua. Shule yangu ni ile ya watu wazima, na nilitoka humo nasoma kwa kufuata kidole, lakini maneno ninayo ya kuwagawia makarani wote wa jengo hili na yakabaki. Mpiga chapa nimemruhusu aweke nukta na mikato. Kingine asiguse.

Alianzia chumba cha gundi, kule vitabu vilivyochanika vinakopelekwa kutibiwa. Siku hizo maktaba nzima ilikuwa na kitabu kimoja tu cha safari za angani, nacho kilikuwa kinazuia dirisha la chumba cha magazeti lisijibamize. Mama akakihurumia, akakichukua ili akitie gundi mgongoni, akakisoma akiwa amesimama mpaka gundi ikamkaukia vidoleni. Hakukirudisha dirishani. Lile dirisha linajibamiza mpaka leo, na kila likijibamiza sisi wakongwe tunajua ni kwa sababu ya nani.

Kutoka hapo hakushikika. Alipopewa kusimamia vitabu vipya aliomba rafu moja kwa ajili ya vitabu vya mambo ambayo hayajatokea, pamoja na vile vya mambo ambayo hayatatokea kamwe. Hivyo ndivyo alivyovigawa yeye: vya kwanza ni vya roketi, roboti na sayari za mbali, vya pili ni vya majoka, wachawi na falme za mawinguni. Wakampa nafasi ukumbi wa nyuma, kati ya choo na tangi la maji, wakidhani atakata tamaa. Watu wazima wakawa wanaona haya kuonekana wakitafuta vitabu vya majoka, kwa hiyo kila mmoja akienda huko anasema anakwenda msalani. Wakati mmoja uongozi uliita bwana afya aje kuchunguza maji yetu ya kunywa, kwa jinsi watu walivyokuwa wanakwenda msalani na kukaa huko nusu siku. Maji yalikutwa safi kabisa.

Jina la Mama Sayari alipewa na mshona viatu, yule mwenye sanduku lake pale pembeni ya lango, msomaji wetu wa kwanza kila asubuhi na mlalamikaji wetu wa kwanza vilevile. Jina likamkaa. Hata mumewe analitumia, nimemsikia kwenye simu.

Sasa shida ya rafu ile haikuwa wasomaji. Shida ilikuwa kupata vitabu vipya vya kuwalisha. Mtu akishaonja sayari moja anataka nyingine, na anaitaka kesho. Mchuuzi wa vitabu alikuwa anakuja na mkokoteni wake, na kila kitabu anakiapia. "Hiki, Mama, ukikifungua hata chai inapoa!" Anasema hivyo hivyo kwa kamusi. Majalada nayo ni waongo wakubwa. Mama alishanunua kitabu chenye roketi inayotoa moshi, akafika nacho nyumbani akakuta ni cha kufunga mabomba ya bafuni. Akakisoma chote kwa hasira. Bafu lake halivuji.

Dawa ya shida hiyo ilipatikana langoni kwangu, na ningependa ijulikane hivyo. Asubuhi moja ya Jumanne kufuli liligoma. Mimi nikawa nalitia mafuta na kulibembeleza, maana kufuli lile halimsikilizi mtu mwingine, na nje foleni inaanza kuchemka. Mshona viatu akapaza sauti: "Mzee, kama umelishindwa sema, tukamwite fundi!" Nikamjibu kwamba fundi anayemtafuta ndiye huyu anayemwona. Mama Sayari alikuwa amekwama nje nao, mkononi ana kitabu alichoachiwa na mchuuzi ili akijaribu. Kuwapoza watu, akakifungua akaanza kuwasomea ukurasa wa kwanza. Kilikuwa cha joka aliyeajiriwa na jeshi la mfalme kupiga pasi sare za askari kwa pumzi yake, na siku ya gwaride kubwa akaamka na kikohozi.

Kufuli likakubali. Nikafungua lango mabawa yote mawili, nikasema karibuni. Hakuna aliyeingia. Nikasema tena. Mshona viatu akanigeukia na uso kama wa mtu aliyeamshwa: "Hebu ngoja, mzee! Huoni joka anakaribia kukohoa?"

Mama akafunga kitabu, akawatazama wote, akanitazama mimi. Kitabu kikanunuliwa siku ile ile.

Tangu hapo ndiyo ikawa kanuni yetu. Kila Jumanne kabla ya kufungua, Mama anasimama kwenye ngazi na kitabu kipya anasoma. Saa ikifika mimi nafungua lango na kusema karibuni. Watu wakiingia, kitabu kimeanguka, kinarudi kwenye mkokoteni bila maneno. Watu wakisimama, kimefaulu. Maktaba nyingine zinaunda kamati na kunywa chai. Sisi tuna lango, na lango lina mimi. Vitabu vyote vya rafu ile vimepita kwa mkono wangu huu wa kulia, na sioni sababu ya kuficha.

Kanuni ilikuwa na matata yake, sikatai. Kuna siku mvua ilimwagika Mama akiwa katikati ya hadithi nzuri sana ya sayari ambayo milima yake inahama kutafuta malisho. Watu wakakimbilia ndani. Mama, kwa jinsi anavyoheshimu kanuni, akasema kimeanguka. Nikamwambia dada, hao hawakukikimbia kitabu, wamekimbia maji. Akashika lake, nami nikashika langu, na mimi nikishika jambo najulikana. Hatimaye akakubali kisomwe tena Jumanne yenye jua. Watu walisimama mpaka muuguzi mmoja aliyekuwa ametoka zamu akasinzia wima akiwa ameegemea nguzo, na alipoamshwa akauliza mlima umefika wapi.

Basi, tulikwenda hivyo kwa raha zetu mpaka mwaka huu tulipoletewa Mkuu mpya. Ni kijana wa watu, suti imenyooka, anapenda vikao kuliko chakula. Alipoona kwamba Mama anakaribia kustaafu akamwita ofisini akamwambia kwa upole kwamba akiondoka yeye hakuna atakayejua kutafuta vitabu vya namna ile, na rafu isiyopata kitabu kipya ni samani tu. Kwa hiyo itavunjwa, na pale itawekwa mashine ya kutoa nakala.

Mama hakulia. Lakini aliacha kuimba kwenye chumba cha gundi, na siku ile alibandika jalada la kitabu kichwa chini miguu juu, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Mimi nilijua. Kustaafu hakukumtisha, ana shamba la mboga na wajukuu wenye kelele. Kilichomuuma ni kuondoka huku nyuma yake wanaleta bisibisi.

Akaanza kutafuta mrithi wa kusoma langoni. Karani wa mapokezi alijaribu, mwenye mwandiko ule ule mzuri. Sauti haikufika hata ngazi ya pili. Watu waliingia kabla sijafungua, kwa kupitia mlango wa wafanyakazi. Nikajitolea mimi. Nilisoma kwa kidole, neno moja moja, kwa heshima yake, na hakuna aliyeingia, wote walisimama wakisubiri sentensi iishe. Mama alisema hiyo haihesabiki. Mimi mpaka leo naihesabu.

Mkuu akasikia habari za kanuni yetu, akacheka, akasema Jumanne atakuja mwenyewe aone huo mchezo, kisha rafu ivunjwe. Akaja kweli, akasimama mwisho wa foleni, mikono nyuma.

Bahati mbaya iliyoje! Kitabu cha siku ile kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu kipya. Chombo kinasafiri kati ya nyota, na ndani yake kunaitishwa kikao cha dharura. Ukurasa wa kwanza wote ni agenda. Tena kumbe kumbukumbu za kikao hicho zimekutwa mezani zimeshaandikwa, kabla kikao hakijaanza, na zinasema mwenyekiti hakumaliza kufungua kikao, alitoweka. Mwenyekiti mwenyewe ndiye anazisoma. Mama alisoma kwa moyo wake wote, lakini niliona watu wanahamisha uzito mguu huu na ule. Saa ikafika. Sikuwa na hila, nikafungua, nikasema karibuni. Wakaingia kama maji kwenye mtaro, mshona viatu mbele, muuguzi nyuma yake.

Nje akabaki mtu mmoja. Mkuu.

"Na akidi je?" akauliza. "Akidi ilitimia?"

Mama akafunga kitabu. "Kimeanguka."

"Kimeangukaje? Hujafika hata yatokanayo! Nani aliziandika hizo kumbukumbu?"

"Sijui. Kinarudi kwa mchuuzi."

"Mama, mimi ndiye Mkuu wa maktaba hii. Naagiza kinunuliwe."

"Mwanangu," Mama akamwambia, na hajawahi kumwita hivyo, "hapa langoni hakuna Mkuu. Kuna waliosimama na walioingia. Wewe ni mmoja, nao ni foleni nzima."

Kumbuka alikuwa na rafu yake ya kuokoa. Mtu mwingine angemwachia Mkuu kitabu, tena akampigia magoti. Yeye hapana, kanuni ni kanuni, akampa mchuuzi kitabu chake na mchuuzi akaondoka. Nilimwona Mkuu akisimama kidogo, akitazama saa yake, akitazama mkokoteni unavyokata kona. Kisha akatoka mbio, tai inapepea begani. Mshona viatu alitoka kwenye chumba cha magazeti kuja kuangalia. "Mzee, anakimbizwa?" Nikamwambia hapana, anakimbiza.

Siku nzima mlango wa ofisi yake ulikuwa na kibao: Yuko kikaoni. Na kweli alikuwa kikaoni, kile cha kule kati ya nyota.

Kesho yake alimfuata Mama chumba cha gundi, macho mekundu, akauliza kama mwandishi yule ana kingine. Mama hakuinua kichwa. Akasema huenda anacho, ila kitabu hakijileti chenyewe, lazima mtu akitafute, na huyo mtu angekitafuta akiweke wapi, juu ya mashine ya nakala? Mkuu akakaa kwenye kiti cha gundi, nacho kilikuwa na gundi. Mazungumzo yalirefuka kwa sababu hiyo. Alipobanduliwa, rafu ilikuwa imepona, kwa sharti moja la Mama: kwa kuwa hakuna mrithi, mrithi ni yeye Mkuu.

Tukadhani mambo yamekwisha. Kumbe bado. Mkuu alisoma langoni Jumanne iliyofuata kama anayetangaza uhamisho wa wafanyakazi, na watu waliingia wakiwa na huzuni. Mama akamwambia wazi kwamba kitabu kilikuwa kizuri, kilichoanguka ni yeye. Basi kila mchana akawa anamfundisha, kule nyuma karibu na tangi. Ukipita unasikia Mkuu wa maktaba akinguruma kama joka, na Mama akimwambia, "Hapana, hiyo ni pikipiki. Rudia." Mimi pia nilimpa mawaidha yangu juu ya kidole. Aliyakataa, na imemgharimu.

Jumanne hii iliyopita ilikuwa ya mwisho kabla Mama hajaondoka. Mkuu akavua koti, akapanda ngazi. Mama hakupanda naye. Alikwenda akasimama kwenye foleni na mkoba wake, nyuma ya muuguzi, kama msomaji wa kawaida. Kitabu kilikuwa cha mwanamke anayesafisha madirisha ya mji ulioko chini ya bahari, ambaye siku moja anakuta alama ya kiganja kwenye kioo, upande wa nje. Mkuu alianza kwa sauti ile ile ya matangazo. Kisha nadhani alisahau kwamba sisi tupo. Saa ikafika. Nilifungua lango polepole kuliko siku zote, nikasema karibuni, na nikaangalia watu.

Mshona viatu hakusogea. Muuguzi hakusogea. Mkuu akafika mwisho wa ukurasa, akafunga kitabu. Kisha kutoka kwenye foleni ikasikika sauti ya Mama Sayari mwenyewe, mkoba ameukumbatia kifuani:

"Halafu?"

Mama Sayari, kwa niaba ya uongozi, wafanyakazi, wasomaji na lango, tunakushukuru kwa miaka yote uliyotutafutia dunia za kuhamia bila kulipa nauli. Mboga zako zistawi, wajukuu wakusikilize ukiwasomea, miwani isikupotee. Kila Jumanne tupo. Njoo mapema tu, maana sasa wewe si mtumishi, na nikishafungua sitamrudisha mtu nyuma ili wewe upate mahali pazuri pa kusimama. Mimi najulikana.

Mlinzi wa Lango