Mama Dorca Aoko na Vitanda Sita vya Kadundo

Wachungaji, Mzee Joram Obiero na watoto, majirani wa Kadundo na wageni wetu mliotoka Kisumu mjini, mimi ni Zadock, mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule, na familia imenipa kazi hii kwa sababu nina sauti kubwa, si kwa sababu nyingine, kwa hiyo nikikwama mahali mnivumilie.

Dada yetu Dorca Aoko alizaliwa tarehe 4 Machi 1949 hapa hapa Kadundo, kifungua mimba wa marehemu Mzee Nyambok na marehemu Mama Peres, akasoma shule ya msingi ya Kadundo kuanzia 1956 hadi 1963, kisha sekondari ya wasichana hadi 1967, na mwaka 1970 akaenda Nairobi kusomea utunzaji wa kumbukumbu za hospitali, kazi ambayo baba hakuielewa hata kidogo, maana alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba binti yake atakuwa muuguzi, na mpaka anaingia kaburini alikuwa akimwita Sista.

Tarehe 15 Desemba 1973 alifunga ndoa na shemeji yangu Joram, fundi wa injini za boti, na Mungu akawajalia watoto watatu, Dalmas, Benta na Seline, pamoja na wajukuu wawili ambao aliwadekeza kwa namna ambayo sisi wadogo zake hatukuwahi kuiona, sisi tulikuwa tukipata makofi.

Alifanya kazi mjini kwa miaka kumi na mmoja, na mwezi wa Machi 1985 akahamishiwa Kituo cha Afya cha Kadundo kuwa karani wa kumbukumbu, chini ya msimamizi wake Bwana Bildad Chege, mtu wa Nyeri, ambaye leo yuko nasi pamoja na mkewe, Mama Rahab, na ninayoyasema sasa ameniruhusu kuyasema.

Oktoba 1988 ilikuja barua kutoka juu, ikisema kwamba vitanda sita vya wodi ya kina mama wajawazito vitaondolewa, na mkunga ahamishwe, kwa sababu ripoti za miaka mitatu zinaonyesha kwamba akina mama wa Kadundo huja kliniki mara moja tu halafu wanapotea, yaani huduma hawaitaki. Jamani, wodi nyingine ilikuwa kilomita arobaini, na shangazi zetu wawili walishafia kwenye barabara hiyo wakiwa na uchungu wa kuzaa. Dada alikasirika mpaka akashindwa kula, na kilichomuuma zaidi ni kwamba ripoti hizo aliziandika yeye, kwa mkono wake, na sahihi yake iko chini.

Hakumsingizia mtu, alirudi kwenye kabati lake la mafaili, kabati lililobuniwa huko mbali, lenye vijumba ishirini na sita vya upana mmoja, A mpaka Z, akaona kosa lilipo. Nyinyi mnatujua, majina yetu ya kienyeji, ya wanaume karibu yote huanza na O na ya wanawake na A, kwa hiyo vijumba viwili vilifurika hadi sakafuni, na hivyo vingine vilikuwa vitupu, kile cha X akiweka vikombe vya chai. Mama akija mara ya pili, leo ameandikwa jina la mume, juzi aliandikwa la baba, faili halionekani, foleni ni ndefu, anafunguliwa jipya, na kwenye ripoti anahesabiwa mgeni. Walikuwa wanarudi, ila sisi ndio tuliokuwa tukiwapoteza.

Akaomba kupanga mafaili upya, kwa kijiji, kwa ufuo na kwa nambari ya boma, kwa sababu jina linaweza kubadilika lakini mama hasahau anakotoka, na Bwana Chege akakataa katakata, kabati ni mali ya serikali na herufi zimepakwa rangi. Kwake yeye shida haikuwepo, maana kwenye kijumba cha C alikuwa yeye na mkewe tu, kadi yake ilipatikana kabla hajaketi! Basi asubuhi moja dada akamwomba atafute mwenyewe faili la mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi, na Bwana Chege akatafuta kuanzia saa mbili hadi saa nne, jasho likimtoka, akatoka na mafaili matatu ya mama yule yule, akavua koti, akaagiza bisibisi ya kung'olea vijumba vile.

Walifanya kazi hiyo miezi minne, hata Jumapili baada ya kanisa, na Jumanne tarehe 7 Machi 1989 lori lilipokuja kuchukua vitanda, lilikuta mafaili 412 yamepangwa kwenye mabenchi, kijiji kwa kijiji, na akina mama wenye mafaili hayo wamesimama nyuma yake na watoto mgongoni. Dada alimwambia ofisa aliyekuja na lori achague faili lolote alitakalo, akachagua, mama akaitika, akachagua tena, mama mwingine akaitika, na alipofika la ishirini akafunga kalamu yake. Kati ya 412, akina mama 337 walikuwa wamehudhuria mara nne au zaidi. Lori liliondoka tupu, na Agosti lilirudi na vitanda vingine vinne, na vigelegele vya siku ile mimi bado navisikia.

Mwaka 1991 aliitwa Kisumu kufundisha makarani wa mkoa mzima, akahamia mtaa wa Migosi, akafundisha mpaka kisukari kilipomshika figo Januari 1996, na Alhamisi tarehe 13 Novemba 1997, saa tisa alasiri, katika hospitali ya mkoa, akatutoka, na nyumba yetu imekuwa kubwa mno bila yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Migosi waliopika na kufua, makarani wenzake, na Bwana Chege aliyefika kabla ya ndugu wengine.

Sasa, kabla sijaketi, naomba kila mtoto aliyezaliwa katika wodi ya Kadundo tangu Machi 1989 asimame, na wale wasioweza kusimama mama zao wawainue juu. Endeleeni, endeleeni, na huko nyuma karibu na uzio pia. Mchungaji, nilitaka kuwahesabu, nimeshindwa.

Dada, hawa ndio ripoti yako, pumzika kwa amani.