Msaga Lenzi Aliyekuwa Mfalme wa Barazani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mjomba wake nimepewa kazi hii ambayo sikuitaka, naomba mnivumilie nikikwama.

Mpwa wetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1985, mtoto wa pili na wa mwisho wa dada yangu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1992 hadi 1998, kisha sekondari hadi 2002, na miaka yote hiyo alikuwa mtoto wa kukaa pembeni, ukimtuma anakwenda, ukimsahau haji kudai.

Mwaka 2005 aliajiriwa katika duka la miwani, akisaga lenzi kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na baadhi yenu hapa mnaona vizuri kwa kazi ya mikono yake, ingawa yeye mwenyewe hamkuwahi kumwona.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 2011, ikavunjika 2015, hakujaliwa mtoto, akapanga chumba kimoja, akitoka kazini anajifungia na simu yake, nasi tukasema weee, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba huyu sasa ameolewa na simu.

Kumbe, jamani, huko kwenye simu alikuwa mfalme. Lilikuwa kundi la watu wasiojuana sura, wanaotunga hadithi pamoja kwa kuandikiana, kila mmoja akiigiza mhusika wake, naye aliigiza mfalme mzee, wakamchagua kuwa kiongozi wao mwaka 2017, kwa sababu, kama walivyomweleza dada yake mkubwa, hakujipendelea sehemu tamu za hadithi, aliwasubiri wanaoandika polepole, waliogombana aliwaita kando, na akikosea aliomba radhi mbele ya wote. Ni yeye aliyeweka sheria kwamba ukumbi wa Barazani ni wa mchezo tu, na mambo ya kweli yasemwe kwenye ukumbi wa pili, walioupa jina la Uani.

Mwezi Februari mwaka huu aliugua figo, akalazwa, na kwa homa ile kali akawaandikia kwamba anaumwa, yuko peke yake, anaomba mtu aje kumwona, lakini aliandika Barazani. Basi wakamletea matabibu wa kasri na dawa za kutunga, wakaandika vizuri ajabu, naye hakutaka kuwaharibia mchezo, au labda aliona aibu, akawajibu kifalme, huku kiti cha kando ya kitanda hakina mtu, maana sisi alituambia ni homa ndogo, tukaamini kwa kuwa ilikuwa rahisi kuamini. Inatuuma sana.

Alifariki tarehe 3 Aprili. Dada yake alipowaandikia, palepale Barazani, wakaanza kumtungia mazishi ya kifalme, ikabidi arudie tena na tena kwamba ni kweli, na walipoamini wakauliza mzee alikuwa na miaka mingapi, akawajibu kwamba hakuwa mzee, wala hakuwa mwanamume.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wenzake wa dukani. Tunamshukuru pia yule mama aliyeketi nyuma kabisa, ambaye ni wa kundi lile, amesafiri usiku kucha, hamjui mtu hapa nasi hatumjui. Mama, tafadhali, tukishazika usiondoke, njoo ukae nasi nyumbani, utueleze binti yetu alikuwa mtu gani.

Pumzika sasa, mpwa wangu, pumzika kwa amani.