Mvua ya Jumamosi

Mama Pantaleo: Haloo. Nani yuko humu ndani?

Pantaleo: Mimi, Mayu. Pantaleo. Shikamoo.

Mama Pantaleo: Marahaba. Pantaleo yupi?

Pantaleo: Kwani unao wangapi?

Mama Pantaleo: Sauti imekuwa nyembamba, siijui. [mkwaruzo] Ngoja, Athanas karani wa parokia ananicheka hapa. Anasema simu nimeishika kichwa chini miguu juu. Haya, nimegeuza. Unanisikia?

Pantaleo: Sasa ndiyo.

Mama Pantaleo: Nani amekufa?

Pantaleo: Hakuna aliyekufa, Mayu.

Mama Pantaleo: Hakuna? Mtu wa baiskeli anatoka parokiani mpaka Nyahanga, ananitoa shambani na jembe mkononi, njoo mbio kuna simu ya Shinyanga, halafu hakuna aliyekufa? Njia nzima nimekuja nalia.

Pantaleo: Nisamehe. Niliwaambia waseme ni salamu.

Mama Pantaleo: Nani anapiga simu ya salamu? Umekula?

Pantaleo: Nimekunywa chai. Sasa sikiliza, muda wenyewe mfupi. Saa nne naingia kwenye mkutano wa mradi wa mvua. Niko kwenye korido hapa, wageni wameshaanza kukaa. Yupo Daktari Lindkvist wa Uswidi—

Mama Pantaleo: Yule Lindi? Aliyekalia kigoda chetu kikavunjika?

Pantaleo: Huyo. Yupo na mama mmoja wa Kihindi mtaalamu wa udongo, na Mmisri wa mambo ya mito. Na wapima mvua wote wa vijiji. Sasa, Mayu, ukutani wametundika karatasi, pana kama shuka. Vituo kumi na vinane, toka Buseresere kule mpaka huku kwetu. Kila kituo kina mstari wake. Kiangazi chote, Juni mpaka Septemba, mistari yote imelala.

Mama Pantaleo: Imelalaje?

Pantaleo: Hakuna mvua. Ni kiangazi. Imelala kote, isipokuwa Nyahanga. Nyahanga kila baada ya siku saba kuna kimstari kimesimama wima. Milimita nne. Kila Jumamosi.

Mama Pantaleo: Kimesimama vizuri?

Pantaleo: Vizuri sana. Daktari Lindkvist hajalala siku tatu kwa ajili yake. Anasema ni kile kiwanda cha kuchambulia pamba. Eti vumbi la pamba linapanda angani Jumatatu mpaka Ijumaa, likishiba maji linashuka Jumamosi. Mama wa Kihindi anabisha, anasema ni vilima. Jana wamegombana mpaka chakula kikapoa.

Mama Pantaleo: Kwa ajili yetu sisi?

Pantaleo: Kwa ajili yetu. Na leo wanachagua mtu mmoja wa kwenda Uswidi mwaka mzima, kusomea hali ya hewa. Daktari ameninong'oneza atakuwa ni mimi. Anasema kituo changu ndicho kilichovumbua kitu.

Mama Pantaleo: Pantaleo. Utapanda ndege?

Pantaleo: Nitapanda ndege.

Mama Pantaleo: Athanas, huyu anapanda ndege. Mwanangu huyu, wa tumbo hili. [mkwaruzo] Wabeja, Mungu. Asante sana. Ngoja nikae kwanza.

Pantaleo: Kaa, lakini usiweke simu chini. Mayu, nina swali moja. Nijibu kama uko kanisani.

Mama Pantaleo: Karibu niko kanisani. Ukuta tu.

Pantaleo: Hizo Jumamosi mvua ilinyesha?

Mama Pantaleo: Simu inakwaruza.

Pantaleo: Haikwaruzi. Jumamosi ulikuwa unapima wewe, sikuwepo.

Mama Pantaleo: Hukuwepo kweli. Ulikuwa kule Mwaki—

Pantaleo: Mayu! Simu hii inapita kwa watu.

Mama Pantaleo: Sijasema. Nimesema kule.

Pantaleo: Usiseme hata kule.

Opereta: Mwalimu, mimi sisikii kitu. Dakika tatu zimekwisha, niongeze sita?

Pantaleo: Ongeza, dada.

Opereta: Naongeza. Hata mjomba wangu yuko kwenye mashimo ya dhahabu hukohuko, msiogope.

Mama Pantaleo: Nani huyo?

Pantaleo: Ni dada wa simu. Achana naye. Nilikukabidhi kipima mvua Jumamosi, nikakuonyesha bilauri ya mistari, nikakuambia saa tatu asubuhi unamimina yaliyomo ndani ya bilauri, unasoma mstari, unaandika. Sasa hizo nne zilitoka wapi?

Mama Pantaleo: Kwenye mtungi.

Pantaleo: Mtungi upi?

Mama Pantaleo: Wa maji ya kunywa. Tuna mingapi?

Pantaleo: Ulitia maji ndani ya kipima mvua?

Mama Pantaleo: Nusu kikombe.

Pantaleo: Kwa nini?

Mama Pantaleo: Kwa nini? Mimi ni mama yako. Daftari lako nililifungua. Si nimefika hatua ya tatu ya kisomo cha watu wazima? Nikasema ngoja nione kazi ya mwanangu. Ukurasa wa kwanza sifuri, sifuri, sifuri. Nikafunua wa pili, sifuri mpaka chini. Mwezi wa tano mzima hujapata hata moja, na umetia sahihi, na daftari linakwenda kwa Wazungu. Nililia siku ile. Nikasema huyu watamfukuza, naye ni mwalimu, atauweka wapi uso?

Pantaleo: Mayu. Sifuri ile si ya kufeli.

Mama Pantaleo: Sifuri ni sifuri. Darasa la tano ulileta sifuri ya hesabu, baba yako hakugusa ugali.

Pantaleo: Ile ilikuwa yangu. Hizi ni za mawingu. Hayakunyesha, naandika hayakunyesha.

Mama Pantaleo: Sasa hayo ungeniambia lini, na wewe Ijumaa jioni umeshadandia lori?

Pantaleo: [kicheko] Kwa hiyo ukaniandikia nne.

Mama Pantaleo: Sikuandika tu. Usinifanye mwongo. Nilimimina kwanza, ndipo nikapima. Niliinama mpaka jicho likawa sawa na mstari, kama ulivyonifundisha. Ikasema nne, nikaandika nne. Juma lililofuata ikasema nne tena. Mkono wangu haukosei, uliza wanaokula mboga yangu wakwambie kama chumvi imewahi kuzidi.

Pantaleo: Mbona hukutia kumi kabisa?

Mama Pantaleo: Mtoto wa kupata sifuri akipata kumi ghafla, si watasema ameibia?

Pantaleo: [anacheka] Mayu, utaniua. Daktari wa watu ameandikia Uswidi kurasa kumi na mbili juu ya nusu kikombe chako.

Mama Pantaleo: Na wewe Jumapili ulipokuwa unarudi na kuiona ile nne, mbona hukuuliza?

Pantaleo: Nilikuwa nimechoka. Nilifikiri labda umande. Nikatia sahihi.

Mama Pantaleo: Ehe.

Pantaleo: Ehe.

Mama Pantaleo: Basi tumekwisha elewana. Hakuna anayejua. Mimi nanyamaza, wewe unanyamaza, Athanas hapa nitamletea kuku. Panda ndege yako.

Pantaleo: Ndivyo nilivyotaka kukuomba.

Mama Pantaleo: Umeshapata. Huko kuna baridi? Nasikia mate yanaganda mdomoni.

Pantaleo: Ipo. Mayu, kuna jambo jingine. Nilitaka nikuambie nikirudi, lakini bora ulisikie kwangu.

Mama Pantaleo: Sema.

Pantaleo: Kisima.

Mama Pantaleo: Kisima chetu? Kile cha pampu? Wameshatia kigingi pale kwa Febronia, nimekiona kwa macho.

Pantaleo: Kigingi watakuja kuking'oa. Asubuhi hii nimeiona orodha. Tumefutwa.

Mama Pantaleo: Nani katufuta?

Pantaleo: Karatasi ile ya ukutani. Wameamua visima vianze vijiji visivyopata tone kiangazi. Sisi tunaonekana tunapata. Nyahanga ina mvua ya Jumamosi, kwa hiyo Nyahanga isubiri. Labda miaka sita, saba.

Mama Pantaleo: Kwa sababu ya maji yangu?

Pantaleo: Hukujua.

Mama Pantaleo: Maji niliyoyabeba mimi kichwani. Naamka jogoo hajawika, naenda mwendo wa saa mbili, narudi saa mbili nyingine, shingo inaniuma. Nachota humo nusu kikombe. Na hayo ndiyo yaliyotunyima kisima?

Pantaleo: Mayu, usilie.

Mama Pantaleo: Silii. Nina hasira. Nenda kawaambie.

Pantaleo: Niwaambie nini?

Mama Pantaleo: Kwamba Nyahanga mvua hainyeshi. Waje waone mabonde yalivyopasuka. Sema ni mama yangu, mshamba, hakujua.

Pantaleo: Nikisema ni mama yangu, watauliza, wewe mwalimu ulikuwa wapi?

Mama Pantaleo: Waambie ulikuwa unaumwa.

Pantaleo: Kila Jumamosi kwa miezi minne? Naumwa ugonjwa gani huo unaokuja kwa kalenda?

Opereta: Mwalimu, zimebaki dakika mbili. Na samahani, kwetu Mhunze pia tulikuwa tunasubiri hiyo pampu, ndiyo maana nasikiliza.

Pantaleo: Dada, si ulisema husikii?

Opereta: Mwanzo nilikuwa sisikii.

Mama Pantaleo: Mwache, mtoto wa watu. Pantaleo, Uswidi wakijua mambo ya kule, hawakuchukui?

Pantaleo: Hawanichukui. Atakwenda Tarsisi wa Ushirombo. Yeye hajakosa siku hata moja, hata alipozikwa baba mkwe wake alipima kwanza. Na ualimu wenyewe sijui kama utapona.

Mama Pantaleo: Na ukinyamaza unaenda?

Pantaleo: Naenda. Na nikirudi na cheti, mimi ndiye nitakuwa napanga visima, Mayu. Nitaanza na Nyahanga. Nakuapia.

Mama Pantaleo: Utarudi lini?

Pantaleo: Mwaka mmoja. Kisha kazi Dar kidogo. Miwili, mitatu.

Mama Pantaleo: Scolastika wa hapo jirani ana mimba ya miezi saba. Jana alianguka na ndoo pale kwenye mteremko. Mtoto mzima, na yeye mzima, lakini maji yote yalimwagika. Alikaa chini akayaangalia yakiingia ardhini. Akageuka kwenda kuteka mengine. Baada ya miaka mitatu mtoto huyo atakuwa anabeba kidumu chake.

Pantaleo: Mayu, mimi pia ni mwanao.

Mama Pantaleo: Najua. Na mimi nilitaka upande ile ndege kuliko unavyotaka wewe. Nilikuwa nimeshaiona. Nilikuwa nimeshajua nguo nitakayovaa kukusindikiza. Mwanangu, roho inaniuma, usifikiri ni rahisi kwangu.

Pantaleo: [anashusha pumzi] Mlango umefunguliwa. Daktari ananipungia mkono.

Mama Pantaleo: Anacheka?

Pantaleo: Anacheka, na karatasi zake kwapani. Mtu mwema sana huyu. Nitamwambiaje?

Mama Pantaleo: Mwambie vilevile ulivyoniambia mimi. Anza na mtungi, atacheka kwanza. Mtu akishacheka, kukasirika kwake kunapungua.

Pantaleo: Na zile Jumamosi zangu?

Mama Pantaleo: Ziseme zote. Ukificha nusu, hata nyingine hawataiamini, na kigingi kitang'olewa hivyohivyo.

Opereta: Nusu dakika, mwalimu.

Pantaleo: Haya. Naingia. Nitasema.

Mama Pantaleo: Utasema kweli?

Pantaleo: Nimeshasema nitasema. Wewe nenda nyumbani, unyamaze, usimwambie mtu. Wanawake wa Nyahanga wakijua ni wewe uliyefuta kisima, watakutafuna.

Mama Pantaleo: Nitawaambia leo hiihii, jioni tukienda kuteka. Mwendo wenyewe saa mbili, watanisema mpaka wachoke, tukifika mtoni wote tuna kiu.