Nimekuja Kushona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni, lakini msipige makofi. Makofi ndiyo yaliyoniponza mie, na leo nimesimama hapa na aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Wengi wenu mnanijua. Mie ni Baba Yusta, karani wa bandarini, mtu wa bara niliyehamia hapa Temeke na mke wangu tangu mitaa hii ni mashamba ya mihogo. Mnajua pia kwamba mie ndiye niliyeanzisha darasa la cherehani nyuma ya kanisa. Niliona vijana wamejaa mjini, hawana kazi, hawana ndugu, wanalala kwenye vibaraza vya maduka. Serikali ya Mwingereza inawaita wahuni. Askari wakipita na kamatakamata yao, asiye na kazi anarudishwa kwao, apende asipende. Nikaomba cherehani kwa wamisheni, nikapata. Nikaleta fundi wa kuwafundisha. Kijana aliyejifunza kwetu, askari walimwacha, maana ana mtu wa kumtetea. Hapo nilifanya vema. Sifa mlinipa, nami nilizipokea zote!

Lakini, ndugu zangu, niliweka sharti. Nilisema kijana hashiki cherehani mpaka asimame mbele yetu Jumamosi aseme dhambi zake zote. Niliona ndiyo njia ya wokovu. Sie tuliookoka tulikaa kwenye mabenchi, tukasikiliza, tukapiga makofi. Kadiri dhambi ilivyokuwa kubwa ndivyo tulivyofurahi. Niseme kweli? Nilikuwa naingoja Jumamosi kama mtoto anavyongoja sikukuu. Nilikuwa na uchu wa kusikia aibu za watu, na uchu huo nikauita huduma!

Akaja kijana mmoja anaitwa Damasi, mtu wa kusini, mwembamba. Shati lake lilikuwa viraka vitupu, na viraka amevishona mwenyewe, tena vizuri. Nikamsimamisha. Akatazama chini. Nikamkazania, "Sema, kijana, Mungu anakusikia." Akasema, "Shikamoo, mzee. Mie nimekuja kushona."

Watu wakacheka. Nami nikacheka! Nikamwambia aende zake, akiwa tayari kusema arudi. Alirudi Jumamosi iliyofuata, akasema maneno yaleyale, nikamtoa tena. Nyumbani mke wangu akaniambia, "Baba Yusta, yule mtoto kaja kushona, wewe unataka atapike. Kwani ya kwako ulimwambia nani?" Nilimjibu kwa ukali kwamba mambo ya kanisa hayajui. Lakini swali lile lilinifuata mpaka kazini, maana ya kwangu sikuwahi kumwambia mtu, hata yeye.

Basi Mungu akaamua kunivua nguo. Jumamosi moja kijana akasimama, akatushuhudia jinsi alivyoiba baiskeli Kariakoo, akaiuza, akainywea pombe. Tukapiga makofi. Akasimama wa pili, naye kaiba baiskeli Kariakoo. Akasimama wa tatu: baiskeli! Fundi akainamisha kichwa, mke wangu akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Nilipowabana wakasema kweli. Kijana wetu mmoja wa zamani alikuwa anawafundisha cha kusema, kwa ujira wa muhogo wa kuchoma. Wala hakuniogopa. Alisema, "Mzee, wewe dhambi ndogo huzipendi."

Ndugu zangu, nilikaa chini. Waongo niliwapa cherehani. Aliyekataa kuniongopea nilimfukuza.

Nikatoka siku ileile kumtafuta Damasi. Vibarazani hayupo. Wenzake wakasema alikuwa anabeba kuni kutoka Pugu, na asubuhi hiyo askari wamemkamata. Kesho yake anapakiwa kwenye meli ya Lindi, arudishwe kwao kusini. Nikakimbia kituoni, karani mzima na tai yangu! Sajini akaniuliza, "Huyu ni kijana wako?" Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Damasi alikuwa amekaa sakafuni, ananitazama. Nikasema, "Hapana, afande. Alikuja kwangu, nikamfukuza."

"Kwa nini? Mwizi?"

"Hapana. Hakutaka kunisimulia aibu yake."

Sajini akacheka. "Na wewe ya kwako ungemsimulia nani?"

Pale kituoni watu walijaa, na wengine wananijua kazini. Nikaisema aibu yangu. Nikasema kwamba nilipofika mji huu ujanani nililala vibarazani, nikakamatwa kama mhuni, nikarudishwa bara kwa treni, nikatoroka nikarudi. Mzee mmoja Mwislamu wa Kinondoni alinipa mkeka na chakula, akanitafutia kazi. Hakuniuliza hata nimetoka wapi. Hayo nimeyaficha miaka yote, hata kwa mama wa watoto wangu.

Nilijua kazi yangu ya bandarini imekwisha. Lakini sajini akasema, "Mchukue. Nikimkuta barazani tena, nitakuja kwako."

Tulirudi kwa miguu, mie na Damasi. Nililia njiani, naye alijifanya haoni.

Sharti lile nimeliondoa. Anayekuja sasa tunamuuliza jina lake na kama amekula. Tukawauliza vijana wenyewe kinachowazuia kuja darasani, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria! Wakasema darasa liwe jioni, maana mchana wanahangaikia kibarua. Tumelifanya jioni, na wanakuja.

Shati hili nililovaa kalishona Damasi. Alipokuwa ananipima mabega, uchu ule ukanijia tena, siwafichi. Nikataka kumuuliza alikuwa anaficha nini. Bwana akanifunga mdomo. Mpaka leo sijui, na namshukuru Mungu kwamba sijui.

Nawe kijana uliyekaa karibu na mlango, unayedhani Mungu atakusimamisha mbele za watu kabla hajakupokea: sharti lile halikuwa la Mungu, lilikuwa langu. Nisamehe. Mtegemee Yeye, usinitazame mie. Njoo kesho jioni. Ipo cherehani inayokungoja.