Sindano ya Tatu ya Daktari Gratien Gatera

Ndugu waombolezaji, mimi ni Uwamahoro, dada mkubwa wa marehemu. Familia imeniomba nisome maisha yake kwa upole. Nitajaribu, ingawa yeye mwenyewe hakunirahisishia kazi hii.

Daktari Gratien Gatera alizaliwa Biryogo, hapa Kigali, tarehe 14 Februari 1949, mtoto wa marehemu Kalisa, fundi cherehani, na Mama Mukandekezi, aliyeketi hapa mbele. Kuku akichinjwa kwetu, ini lilikuwa la baba. Lakini Gratien alilipeleka kwanza dirishani, akaligeuzageuza kulichungulia, huku baba akipiga kelele mezani na ugali ukipoa.

Alisoma shule ya msingi Nyamirambo, kisha sekondari na udaktari Butare, akamaliza mwaka 1975. Akaenda Ubelgiji miaka minne kusomea kinga ya mwili. Tulitegemea atarudi afungue kliniki, atibu malaria kama wenzake. Wapi! Alirudi na saratani ya ini na ya kongosho kichwani, magonjwa ambayo mgonjwa haponi akaja kukushukuru. Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa Cécile, muuguzi, wakajenga Kagarama na kupata watoto wawili.

Kuanzia mwaka 1990 yeye na mwenzake, Daktari Bizimana, walijaribu tiba mpya. Walichukua kipande cha uvimbe wa mgonjwa, wakakiua, wakakichanganya na chanjo ya kifua kikuu, wakamdunga mgonjwa huyohuyo. "Mwili una askari," alitueleza, tupende tusipende, "ila hawamjui adui. Sisi tunawaonyesha sura yake." Sindano zilikuwa tatu, na wiki mbili baada ya ya tatu, damu ilipimwa kuona kama askari wamejifunza. Vita vilipoanza, alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na sanduku lake la barafu lenye sindano, naye badala ya kuonyesha kitambulisho akaanza kuwafundisha wanajeshi habari za ini. Walimwachia kwa kuchoka.

Lakini kilichomtesa hakikuwa vita. Kilikuwa ni sisi. Mgonjwa akizidiwa, ndugu huja na ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa, wakamrudisha kwake afie kati ya watu wake. Ndiyo desturi, na ni nzuri. Ila kila mgonjwa wa Gratien alibebwa kabla ya sindano ya tatu. Kila mmoja! Alikuwa akisimama uani hospitalini akifoka: "Mnaondoka na jibu langu!" Miaka mitatu hakupata hata mmoja aliyemaliza.

Mwezi Machi mwaka huu, 1993, macho yake yaligeuka manjano. Cécile alimwambia akapimwe, akajibu eti ni vidonge vya malaria. Mtu aliyesomea miaka yote ile! Ilikuwa kongosho. Alipasuliwa Aprili, akadai kipande chake kitengenezewe sindano. Ya kwanza alidungwa Mei, ya pili Juni, ya tatu ikapangwa tarehe 9 Julai.

Tarehe 5 Julai, akiwa kitandani hospitalini, akasema, "Nipelekeni Kagarama. Nimechoka." Yeye! Mama akaita majirani, wakafika na ingobyi. Cécile akasimama mlangoni.

"Hatoki hapa."

"Cécile, mimi ni mume wako, si mgonjwa wako," marehemu akasema.

"Leo wewe ni mgonjwa wangu. Wenzako uliwafokea. Wewe utamaliza."

Majirani waliondoka na ingobyi tupu. Marehemu akageukia ukutani, na Mama akamwita Cécile mke asiye na huruma. Sindano ya tatu alidungwa siku yake, bila kumsemesha mkewe. Ijumaa tarehe 23 alitoa damu. Baadaye akamshika Cécile mkono, akasema, "Ahsante, mama watoto. Mimi ningekimbia." Alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 24 Julai 1993, hospitalini, mbali na kitanda chake.

Ameacha mama yake, Mukandekezi. Mke wake, Cécile. Watoto wake, Ishimwe na Uwase. Na mimi dada yake. Mama, tangu Jumamosi humsemeshi Cécile, na nyinyi majirani mnanong'ona kwamba alimnyima mume kufia kwake. Jamani, basi! Sikilizeni. Jana Daktari Bizimana alikuja nyumbani na majibu ya damu ile. Nitayasoma hapa, maana mwenyewe hakukaa kuyasikia.

Gratien, ndugu yangu mkaidi: askari wako walimtambua adui. Walikuwa wachache, na walichelewa, lakini walimtambua. Wewe ndiye wa kwanza kumaliza, na aliyekumalizisha ni mke wako.

Mungu akupe usingizi mwema, nasi atupe subira uliyotumalizia.